Jamaa Aliyeomba Asitajwe

Kuna kazi ukiifanya kwa bidii unabaki huna shoga wala jirani, na mojawapo ni ile ya kumuuliza kila mtu, "Umejuaje?" Mwanamke tunayemzungumza hapa aliifanya miaka mingi, gazetini, kwenye dawati la uhakiki. Usidhani dawati hilo ni jambo kubwa. Ni meza mbili zilizosukumwa karibu na mlango wa choo, feni moja inayozunguka ikitaka, na watu wa kupima maneno ya wenzao. Uvumi ukisambaa kwamba maji ya vitunguu yanaotesha meno upya, ni wao wanaotafuta nani alianza kusema, aliona nini, na hayo meno yako kwenye mdomo wa nani. Wenzake walimwita Mizani, kwa utani mwanzoni, mwishowe hata mlinzi wa getini akawa hamjui kwa jina jingine.

Kila habari iliyopita pale ilitoka na hukumu moja kati ya tatu: kweli, si kweli, haijathibitika. Hiyo ya tatu Mizani aliipenda kuliko zote, na wasomaji waliichukia kuliko zote, maana nani atoe pesa yake anunue gazeti aambiwe hatujui?

Sasa, asubuhi moja mhariri wao alifika na simu mkononi, akasema kuna sauti iliyorekodiwa inazunguka mji mzima, kila kikundi cha simu imo. Akaibonyeza. Mizani alimjua msemaji kabla hajamaliza kusalimia wasikilizaji wake. Alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja, fundi wa majokofu ambaye wateja wake wote humwita Fundi basi.

"Ndugu zangu, wanasoma," Fundi alikuwa anasema. "Unachokitafuta mtandaoni wanakisoma. Mimi wamekuja nyumbani kwangu na maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno."

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi. Kwenye bucha moja alikokuwa akihudumia chumba cha baridi, mfanyakazi alizimia ndani kwa sababu gesi ya kupozea ilikuwa inavuja na haina harufu. Alitolewa mzima, lakini Fundi hakulala vizuri tena. Akaanza kutafuta kwenye simu yake: gesi isiyo na harufu inayoua, mtu akifungiwa chumba cha baridi hufa baada ya muda gani, afya inaharibikaje kabla ya kufa. Alitaka kufunga kengele za tahadhari kwa wateja wake wote. Siku chache baadaye wakaja watu wa usalama wawili, wakamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, wakapekua vifaa vyake vya kazi, wakabeba mitungi yake ya gesi, wakamuuliza anataka kumuua nani. Na walipouliza, walitumia maneno yaleyale aliyoyaandika. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mji ukashika moto. Watu waliogopa hata kutafuta dalili za ugonjwa. Mwanamke mmoja alipiga simu gazetini kuuliza kama atakamatwa kwa kutafuta sumu ya panya, na kusema kweli panya ndio waliokuwa wanamsumbua, masikini. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja.

Mhariri alimwambia Mizani ampe mwenzake kazi ile, ndugu hapimi ndugu. Mizani akakataa. Alisema mwenzake angemfanya mdogo wake kichekesho. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba alijiona yeye hapendelei mtu, hata aliyembeba mgongoni, na alitaka waone.

Akapima, na alijua kupima. Alikwenda kwa mtaalamu wa kampuni ya mtandao, ambaye alimweleza kwamba maneno unayotafuta husafiri yamefungwa, kampuni inaona umeingia nyumba ya nani, haisikii ulichosema ndani. Alimtafuta wakili, akaambiwa sheria inawaruhusu wakubwa kuidai kampuni taarifa za mtu, na hakuna anayejua wameidai mara ngapi. Alizungumza na mfamasia, na mhadhiri wa kemia, na mwandishi wa hadithi za mauaji, watu ambao simu zao zimejaa vifo kuliko chumba cha maiti, na hakuna aliyewahi kubishiwa hodi. Lakini kutobishiwa hodi si ushahidi kwamba hakuna anayesikiliza. Msemaji wa serikali alicheka tu, na kucheka nako si jibu.

Dawati lao lilikuwa na desturi moja ya lazima, na mhariri aliikumbusha kila wiki mpaka ikawa wimbo: kikulacho ki nguoni mwako. Yaani kabla hujashuku mitambo na watu walio mbali, uliza kwanza nani mwingine anaweza kukiona kioo cha simu ile. Mizani alimuuliza mdogo wake. Fundi akajibu kwamba anaishi peke yake tangu mkewe alipoondoka, simu haitoki mfukoni, na nani tena? Akaandika, "anaishi peke yake," akapita. Swali hilo kwa mtu baki angelirudia mpaka wachukiane. Kwa nyumba yao aliona haya kulirudia, akaandika haijathibitika na kuiweka habari tayari kwa toleo la kesho yake.

Jioni hiyohiyo alipita kwa mama yao. Mama alikuwa amekaa barazani ananyoosha goti, akamsukumia simu, akamwomba amtafutie dawa ya maumivu yale maana jioni herufi zinamcheza. Ilikuwa simu ya zamani ya Fundi. Alipojinunulia mpya alimwachia mama yake hii, akidhani ataitumia kupokelea salamu tu. Hakujua kwamba mjukuu alikwisha kumfundisha bibi yake kubonyeza na kusema anachotaka. Na wala hakukumbuka kuitoa akaunti yake, ileile anayotafutia kwenye simu mpya.

Mizani akagusa kisanduku cha kutafutia, na chini yake ikateremka orodha ya mambo ambayo mama yake hakuyatafuta. Bei ya kengele ya gesi. Chumba cha baridi, uingizaji hewa. Na la mchana uleule: maneno ya kumwambia mke anaporudi nyumbani.

Alikaa chini. Hilo la mwisho lilimchoma kuliko yote, kwa sababu alijua maana yake. Wifi yake, mwalimu wa chekechea, alikuwa amehamia chumba cha kupanga na binti yao baada ya ugomvi wa muda mrefu, na sasa, kwa kuombana na kusameheana polepole, alikuwa amekubali kurudi mwisho wa mwezi. Fundi alikwisha kupaka rangi sebule. Mwanaume mzima, hodari wa kufufua jokofu lililokufa, alikuwa anauliza mtandao amwambie nini mkewe mlangoni.

"Mama," Mizani akasema, "haya uliyasoma?"

Mama yake hakuzunguka. Alisema aliyasoma. Aliona mwanawe anatafuta gesi ya kuua na muda wa kufa, na mwanawe alikuwa mpweke, amekonda, hataki kula. Angefikiri nini? Akafikiri anataka kujitoa roho. Akayanakili maneno yote kwa mkono wake, asije akakosea, akayapeleka kwa mzee wa nyumba ya kona aliyestaafu kazi ya usalama, akamwomba amtafutie mtu wa kuzungumza na kijana wake.

"Nilidhani ataleta mtu mzima wa kumkalisha chini na kumtuliza," mama akasema. "Kumbe wamekwenda kumpekua kama mwizi. Uchungu huu naujua mimi, mwanangu. Usimwambie. Akijua ni mimi hatanitazama tena."

Mizani akaahidi. Ukimwona mama yako analia kwa goti na kwa mtoto kwa wakati mmoja, utaahidi hata mwezi. Lakini kesho yake alikuwa na habari ya kutoa, na sasa aliijua kweli yake. Haijathibitika ilikuwa imegeuka uongo mkononi mwake. Alimwendea mzee wa kona, naye mzee akakiri yote, tena kwa fahari, kama aliyefanya hisani. Mizani akarudi kwa mhariri na kumwambia ana chanzo. Na kama ilivyo desturi ya kazi yao, chanzo kikaandikwa kwa maneno ya siku zote: taarifa zilifikishwa kwa watu wa usalama na jamaa wa familia, aliyeomba asitajwe, aliyehofia maisha ya fundi huyo. Hukumu: si kweli.

Aliongeza mstari wa kueleza kwamba hilo halina maana kuwa serikali haimfuatilii mtu yeyote, ni kwamba safari hii haikuwa hivyo. Mstari huo haukusomwa na mtu. Msemaji wa serikali aliisoma habari redioni akauruka, akasema gazeti lenyewe limethibitisha kwamba hakuna mwananchi anayechunguzwa. Mizani alisikiliza akiwa jikoni kwake, akazima redio kwa hasira. Lakini hilo si lililomnyima usingizi baadaye.

Fundi alipiga simu asubuhi ile. Hakulalamika kwamba wateja wanamcheka. Hakulalamika hata kwamba dada yake amemwita mwongo mbele ya mji. Aliuliza jambo moja tu.

"Dada, ni mke wangu?"

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Familia ni ya watu wangapi? Dada ndiye aliyeandika. Mama, kwa jinsi Fundi alivyomjua, hata kupokea simu ni kazi. Anabaki mke, na mke ndiye aliyemfungulia akaunti ile zamani, neno la siri analijua.

Hapa ndipo kazi ilipomponza Mizani. Kwao, mwandishi hakanushi jina hata la mtu asiyehusika, kwa sababu ukianza kusema si huyu, si yule, mwishowe anabaki mmoja amesimama uchi. Ni kanuni nzuri. Imewaokoa watu wengi. Mizani alikuwa ameifundisha kwa kila mwandishi mpya aliyekaa kwenye meza ile, na mdomo wake ukaitoa kabla moyo haujafikiri.

"Sithibitishi, sikanushi," akasema.

"Basi ni yeye."

"Sijasema ni yeye."

"Hujasema siye."

Mizani aliona wazi kwamba akisema siye, anabaki mama. Akajiambia hasira ya mdogo wake ni ya moto wa makuti, itazimika, na huyo mke atajitetea mwenyewe. Watu tunajua sana kujitafutia maneno ya kutufanya tukae kimya.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye chekechea. Wazazi walikuwa wanapokea watoto wao getini. Aliyoyasema pale hayarudiki, na aliyasema kwa sauti, na binti yake mwenyewe alikuwa amesimama na mkoba mgongoni akisikia. Alimwita mkewe jasusi. Alisema amelala na nyoka miaka yote hiyo. Mwalimu hakupayuka. Alisema, "Si mimi," akamshika mtoto mkono, akaondoka naye.

Mchana wifi mtu alimpigia Mizani. Walikuwa wameelewana siku zote hao wawili, wakiteta pamoja tabia za Fundi. Safari hii hakukuwa na mzaha. Alimwomba kitu kidogo sana. "Wifi, wewe unajua ni nani. Silitaki jina. Mwambie tu mdogo wako kwamba si mimi."

Na Mizani, aibu iliyoje, alimjibu kwamba hawezi kuzungumzia chanzo cha habari. Alilisema kwa upole. Alitanguliza samahani. Wifi yake akasema haya, asante, akakata. Tangu hapo hakupiga tena.

Mwisho wa mwezi ukafika, sebule iliyopakwa rangi ikabaki na mtu mmoja. Mwalimu, ambaye alikuwa ameshafunga vitu vyake kwenye masanduku, alivifungua vyote na kulipia chumba chake mwaka mzima mbele. Fundi akazama kwenye kazi. Kila alipotajiwa mkewe alitema mate. Mizani aliyaona hayo yote na kila siku alijipa sababu ya kungoja kesho. Alipoteza hamu ya chakula, akawa mkali kazini, akimrudishia kila mwandishi habari yake kwa kosa la koma. Mhariri akamuuliza ana nini. Akasema meno.

Mama yao ndiye aliyeuliza kwa nini mkwewe harudi, na mjukuu haletwi tena isipokuwa Jumamosi, na kuletwa kwenyewe anaachwa mlangoni. Alidhani ni ugomvi wao wa zamani. Mizani alijaribu kupita pembeni, lakini mama ni mama, alimwangalia mpaka yakatoka. Alimweleza kwamba Fundi anaamini ni mkewe. Alimweleza pia kwamba yeye aliulizwa, mara mbili, na hakusema kitu.

Bibi yule alikaa akikunjakunja upindo wa kanga yake. Mizani alitegemea alie. Hakulia.

"Mimi niliomba nisitajwe," akasema. "Sikuomba mwenzangu atajwe. Hilo ulilitoa wapi?"

Mizani alitaka kueleza habari ya kanuni na kuwalinda watu. Maneno yenyewe yakamkinaisha kabla hayajamtoka.

Mama akamwita Fundi siku hiyohiyo. Alikuja na nguo za kazi, mikono ina grisi, akidhani jokofu la mama limezima. Mama akamwambia yote akiwa amesimama, ameshikilia ukuta kwa sababu ya lile goti: simu, maneno, karatasi, mzee wa kona. Mizani alisimama pembeni akingojea mbingu zianguke. Alikuwa amezificha hizo mbingu kwa gharama kubwa.

Fundi alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha akavuta kiti akamkalisha. "Mama, ulidhani nataka kujiua?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Kwa nini hukuniuliza? Ningekuja kula hapa kila siku ungeona ninavyoshiba." Akacheka kidogo, akafuta macho kwa mkono wenye grisi, akajipaka uso mzima. Mama akamshika kichwa. Ikawa imekwisha. Hasira ambayo Mizani aliivunjia nyumba ya watu ili isimfikie mama haikuwapo. Haikuwahi kuwapo.

Ndipo Fundi akageuka. Hakugombana. Afadhali angegombana.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile niliyokupigia?"

"Ndiyo."

Fundi akaenda bombani kunawa. Alinawa muda mrefu, mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayekwenda mbele za watu, na aliporudi alisema twende.

Walimkuta mwalimu chumbani kwake, chini kumejaa karatasi za rangi alizokuwa akikata maua kwa ajili ya darasa. Binti alikuwa anacheza nje kwa jirani. Aliwakaribisha, akawapisha viti viwili alivyokuwa navyo, mwenyewe akakaa kitandani. Fundi alisema maneno ambayo hakuna mtandao ungemfundisha, yalimtoka yamevunjikavunjika. Kisha Mizani akasema yake. Alisema kosa ni lake kuliko la mtu yeyote, kwamba neno moja lingetosha na alikuwa nalo. Alisema mama yuko tayari kuja kusema kwa kinywa chake, na mzee wa kona yuko, na simu yenyewe ipo, aje aione.

Mwalimu aliwasikiliza bila kuacha mkasi. Alipomaliza ua alilokuwa nalo aliliweka juu ya mengine.

"Mama mwambieni asijisumbue na goti lile, sina kinyongo naye. Aliogopa," akasema. "Na hayo ya simu sina haja ya kuyaona. Mimi nilijua siku zote si mimi."

Akamtazama mumewe, kisha wifi yake, kwa zamu, wala si kwa ubaya.

"Nilikwambia pale getini, si mimi. Na wewe wifi nikakupigia. Kinywa changu nilichoolewa nacho hakikutosha. Sasa mmepata ushahidi, mmekuja. Siku ushahidi ukikosekana tena nitafanyaje?"

Fundi alisema haitatokea tena. Mwalimu alisema anamsadiki kwamba anakusudia hivyo. Akaokota karatasi nyingine, nyekundu, akaikunja katikati, na akamwambia mumewe kwamba mtoto ataletwa Jumamosi kama kawaida, ila safari hii amfungie mkanda vizuri kwenye gari maana anapenda kuufungua.

Walitoka. Fundi alitangulia ngazi bila kumngoja dada yake, na Mizani akabaki kizingitini, akisikia mkasi ukiendelea kukata nyuma ya pazia, akitafuta neno la kumwambia yule mwanamke. Alisema tu kwaheri wifi, na mwalimu akamjibu kwa heshima zote, kwaheri dada.